BAISKELI YA ZAMANI: UITENGENEZE AU UNUNUE NYINGINE?

Baiskeli yako ina miaka mingapi? Pengine uliinunua mwenyewe baada ya kuuza kahawa. Pengine uliachiwa na baba. Huenda ni Raleigh iliyotoka Uingereza, au Hero ya India, au Phoenix ya China. Huenda ni Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa kwetu Tanzania. Baiskeli hizo zilijengwa kwa chuma kizito. Ndiyo maana nyingine zinatembea hadi leo.

Lakini chuma nacho huchoka. Siku moja fundi anakuambia, "Mzee, hii sasa imekwisha." Fundi mwingine anasema, "Lete, nitaitengeneza." Umsikilize nani?

Wewe unayeishi Songambele, wilayani Kyerwa, unajua kwamba swali hili si dogo. Baiskeli hubeba mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa. Hubeba maji. Usiku hubeba mgonjwa. Ukifunga madumu 4 ya lita 20, umepakia kilo 80 za maji, yaani uzito wa mtu mzima. Na nchi yetu ni ya vilima. Fremu ikikatika kwenye mteremko na mtoto amekaa nyuma, hakuna wa kumlaumu ila mwenye baiskeli. Kwa upande mwingine, fedha ya baiskeli mpya ndiyo hiyohiyo inayotakiwa kwa sare za shule na mabati.

ANZA NA FREMU

Usianze na tairi. Tairi hununuliwa. Breki hununuliwa. Fremu ndiyo baiskeli yenyewe.

Osha baiskeli kwa maji na sabuni. Ikauke. Sasa itazame kwenye mwanga wa asubuhi. Tazama mahali mabomba yanapokutana chini ya usukani. Tazama chini ya kiti, na pale kwenye pedali. Unatafuta mstari mwembamba wenye kutu. Rangi iliyopasuka mara nyingi inaficha ufa. Kwaruza kwa kisu uone.

Halafu chukua uzi mrefu wa katani. Funga ncha moja kwenye nati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Upeleke uzi mbele, uzungushe kwenye bomba la usukani, uurudishe nyuma hadi nati ya kulia. Uvute ukaze. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Nafasi hizo zilingane. Zikipishana milimita 2 au 3, si kitu. Zikipishana upana wa kidole, fremu imepinda. Baiskeli hiyo itakula tairi kila mwaka, na wewe utadhani tairi za siku hizi ni mbovu.

Je, ufa unaweza kuchomelewa? Ufa wa keria, ndiyo. Chomelea, uendelee na kazi. Ufa wa fremu karibu na usukani ni jambo jingine. Mabomba ya baiskeli ni membamba, na moto wa kuchomelea huyadhoofisha. Pale palipochomelewa panashika, lakini bomba hukatika pembeni yake. Sisi tunasema wazi: fremu yenye ufa chini ya usukani isipande tena mlima wala isishuke. Uma unaoshika gurudumu la mbele nao ukiwa na ufa, usiuchomelee. Lakini uma hununuliwa peke yake, kwa hiyo usitupe baiskeli nzima kwa sababu ya uma.

MNYORORO NA MENO YAKE

Kama fremu ni nzima, tazama mnyororo. Azima utepe wa fundi cherehani, ule wenye inchi. Weka mwanzo wa utepe katikati ya pini moja ya mnyororo. Hesabu nafasi 24 kutoka pini hiyo. Mnyororo mpya utakuwa inchi 12 kamili. Ukizidi hapo kwa sehemu moja ya nane ya inchi, umechakaa. Badili sasa. Ukichelewa, mnyororo mrefu utakula meno ya mbele na ya nyuma, nayo ni ya bei kubwa zaidi.

Meno yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, nayo yamekwisha. Hapa watu wengi hupoteza fedha. Hununua mnyororo mpya, huuweka juu ya meno ya zamani, na baada ya siku chache mnyororo unaruka. Kisha hulaumu duka. Mnyororo na meno viliishi pamoja, vibadilishwe pamoja.

Magurudumu tutayasema kwa kifupi. Baiskeli nyingi za zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Zihesabu. Zikipungua mbili tatu, fundi ataziweka kwa fedha kidogo. Rimu ikiwa imeliwa na kutu hadi kutoboka, nunua nyingine. Kwenye tairi pameandikwa namba, kwa mfano 28 x 1½. Wewe sasa unajua kusoma. Inakili namba hiyo kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani, usije ukauziwa tairi isiyoingia.

Na breki? Breki hazina mjadala. Kushusha mteremko kwa kukanyaga tairi kwa ndala si breki.

SASA TUPIGE HESABU

Chukua daftari. Mwambie fundi ataje kila kifaa na bei yake, na ujira wake. Andika. Usikubali jumla tu. Kisha uliza bei ya baiskeli mpya katika maduka mawili au matatu, Nkwenda au Kayanga.

Tuseme, kwa mfano tu, matengenezo ni shilingi 90,000, na baiskeli mpya ni shilingi 280,000. Fundi anadhani ile ya zamani itatembea miaka 2. Gawanya 90,000 kwa 2. Unapata 45,000 kwa mwaka. Baiskeli mpya, ikitunzwa, tuseme itadumu miaka 8. Gawanya 280,000 kwa 8. Unapata 35,000 kwa mwaka. Kumbe mpya ni rahisi?

Ngoja kwanza. Je, shilingi 280,000 unazo leo? Kama huna, utazitoa wapi? Wapo watu hapa Kagera ambao huuza kahawa ingali mtini. Hiyo ndiyo butura. Mnunuzi anakupa fedha kidogo leo, na kahawa yako yote inakuwa yake wakati wa mavuno. Baiskeli iliyonunuliwa kwa butura ndiyo baiskeli ya bei kubwa kuliko zote. Ni afadhali utengeneze ile ya zamani, uitumie hadi uuze kahawa kwenye chama chako cha msingi, ndipo ununue.

Tena vifaa vipya havipotei. Fremu ikikatika mwakani, mnyororo, tairi na magurudumu yanaweza kuhamia kwenye baiskeli nyingine ya namna ileile.

Mpya nayo si lazima iwe bora. Inyanyue. Tazama unene wa uma na keria. Zipo baiskeli zinazong'aa dukani ambazo mkungu mmoja mkubwa unazipinda. Zipo pia za mtumba zenye gia nyingi na tairi nyembamba. Ni nyepesi na zina mwendo, lakini zilitengenezwa kwa barabara za lami. Kabla ya kununua, muulize fundi wa kijijini kama vifaa vyake vinapatikana.

Jambo hili liamueni nyumbani, mume na mke pamoja. Mara nyingi mama ndiye anayejua baiskeli hubeba nini kila siku, na ndiye hubaki akibeba kichwani ikiharibika.

Mkiamua kununua, iwe mpya au ya mtu, dai risiti au hati iliyoandikwa mbele ya shahidi. Tafuta namba iliyogongwa kwenye fremu. Huwa chini ya kiti au chini ya pedali. Iandike kwenye daftari lako pamoja na tarehe. Baiskeli ikiibwa, namba hiyo ndiyo polisi watakayokuuliza kwanza.