Maji ya Machimboni: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Kinachotafutwa ardhini hapa Magamba, upande huu wa Mpanda, ni dhahabu, kwa hiyo anayeuliza kama maji ya karibu na machimbo yanafaa kunywewa anauliza habari za zebaki, risasi na aseniki. Swali lina haki yake. Majibu yanayozunguka vijiweni na visimani ndiyo yanayonitia wasiwasi, maana baadhi yake yana ukweli nusu, na mtu huyashika kwa sababu ya hiyo nusu.

"Maji meupe hayana neno."

Si kweli. Risasi iliyoyeyuka majini haina rangi, haina harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 za risasi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kwa zebaki miligramu 0.006. Viwango hivyo havionekani kwa macho wala havionjeki kwa ulimi. Mama akiwekewa ndoo mbili, moja ina tope na nyingine inang'aa, ataimwaga ya tope, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini mng'ao haumwambii lolote kuhusu risasi. Hilo linajibiwa maabara.

"Ukichemsha, sumu inaisha."

Si kweli, na hapa ndipo watu wengi wema wanapokosea. Tumefundishwa miaka mingi kuchuja, kuchemsha na kutia dawa ya maji, na mafunzo hayo yameokoa maisha ya watoto wengi. Yalilenga vimelea, na vimelea hufa kwa moto na kwa klorini. Madini si kiumbe, hayafi. Sufuria ya lita tano ikitokota mpaka zikabaki nne, risasi iliyokuwemo imo yote, safari hii ndani ya maji machache zaidi. Kitambaa nacho hunasa tope pamoja na madini yaliyogandamana nalo, yaliyoyeyuka hupita.

Asije mtu akaacha kuchemsha kwa sababu ya maneno yangu. Wapo pia wanaosema kila homa ya machimboni ni zebaki, na hilo nalo ni uongo. Mahali wanapokusanyika watu mamia kwa majuma machache tu, vyoo haba na kisima bila mfuniko, kuhara, taifodi na kipindupindu huwahi kufika kuliko madhara ya madini. Chemsha maji yako, kisha uliza yametoka wapi.

"Zebaki humdhuru anayeinywa tu."

Hili nataka tulitazame polepole, kwa sababu linawafanya watu walinde mtungi wakaacha mlango wazi.

Fuata jiwe la dhahabu tangu litoke duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia. Linasagwa kwenye karasha mpaka liwe unga, unga unaoshwa, mchanga mzito unaobaki unatiwa kwenye karai pamoja na zebaki. Kijana anauchanganya kwa mkono mtupu. Zebaki inaikamata dhahabu, inakamuliwa kwa kitambaa, na kinachobaki ni kibonge cha kijivu, laini, cha ukubwa wa harage. Kibonge hicho kinawekwa kwenye kijiko au kipande cha bati juu ya jiko la mkaa, na mara nyingi jiko lenyewe ni lile litakalopikiwa ugali jioni. Baada ya dakika chache kijivu kinageuka njano. Kila mtu anaitazama dhahabu. Zebaki imekwisha ondoka, kwa mvuke usioonekana na usionuka.

Zebaki hii ya maji maji ikimezwa, karibu yote hutoka na choo. Ikivutwa kama mvuke, takriban asilimia 80 hubaki mwilini, na kutoka mapafuni huingia kwenye damu, ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, mtu husahau alichotumwa dakika tano zilizopita. Kwa mjamzito mvuke huo hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo aliyebebwa mgongoni pembeni ya jiko yuko hatarini kuliko mwenye kikombe mkononi. Na mvuke usiovutwa hutua: kwenye nguo, kwenye kuta, kwenye bati la paa. Mvua ya kwanza ikinyesha, bati hilo hilo linajaza pipa la maji ya kunywa.

Na kwa wanaotegemea maziwa kama dawa: bilauri ya maziwa baada ya kuchoma haiitoi zebaki mwilini. Maziwa ni chakula kizuri, basi.

"Zebaki ni nzito, huzama, na mto hujisafisha."

Nusu kweli. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, kwa hiyo huzama. Huko chini kwenye tope bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo ni kali zaidi na hunyonywa na mwili kwa urahisi. Wadudu wa majini huila, samaki wadogo huwala wadudu, wakubwa huwala wadogo, na kila hatua kiasi chake huongezeka. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 uliwapata watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania ni mwanachama. Huku kwetu, Mto Katuma hupokea maji ya upande wa Mpanda, hupita Hifadhi ya Katavi, na njia yake huishia Ziwa Rukwa, kwenye nyavu za wavuvi.

Jambo moja zaidi kuhusu marudio, ule mchanga uliokwisha oshwa unaouzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi. Kama bado una zebaki, sayanaidi huiyeyusha zebaki hiyo na kuirahisishia safari ya kuingia kwenye maji.

"Mgodi uliofungwa haudhuru tena."

Si kweli, na Mpanda inapaswa kulijua hili kuliko miji mingine. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Mukwamba, iliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals hadi 1960. Kampuni huondoka, risasi haiozi. Mawe yenye salfa yakiachwa juani na mvuani hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha madini mengine. Mwaka 2009 maji ya asidi ya namna hiyo kutoka mgodi wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe. Lundo la mabaki haliachi kudhuru eti kwa sababu nyasi zimeota juu yake.

"Mtoto kula udongo ni utoto tu."

Kwingine, pengine. Karibu na karasha, hapana. Mtoto mdogo hunyonya risasi anayoimeza mara nne au tano zaidi ya mtu mzima, na hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwake. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa. Wazazi wao walisagia nyumbani mawe ya dhahabu yenye risasi, mengine kwa mashine za kusagia nafaka, na vumbi likatua uani.

Basi tufanye nini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, kwa hiyo mwananchi wa Magamba anayelalamikia mwalo (mahali pa kuoshea dhahabu) uliosogezwa kijitoni ana sheria upande wake. Anayechoma dhahabu na achome mbali na nyumba, kwa chombo cha chuma kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki. Karai la zebaki lisirudi jikoni, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nepi.

Na mkienda serikali ya kijiji au RUWASA, wakala wa maji vijijini, kuomba kisima kipimwe, andikeni kwenye barua majina haya matatu: risasi, zebaki, aseniki. Kipimo cha vimelea hakiyaonyeshi.