Ndovu Arobaini: Wanawake wa Magenge katika Riwaya

Ndugu msomaji, ukisikia neno jambazi, je, unamwona mwanamume tu? Basi ngoja nikueleze.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha mwaka wa 1918, wanaume walirudi Uingereza na wanawake wengi wakaachishwa kazi viwandani. Huko Elephant and Castle, mtaa wa London, kulikuwa na genge la wanawake lililoitwa Forty Elephants, yaani Ndovu Arobaini. Lilikuwapo tangu karne ya 19, lakini baada ya vita lilivuma chini ya Alice Diamond. Walivaa nguo pana zenye mifuko ya siri, wakaingia madukani kama mabibi wa heshima, wakatoka wamejaa hariri na manyoya. Tena walikuwa na sheria: nguo ya wizi haivaliwi, inauzwa!

Lakini wapi! Siku za mwizi ni arobaini. Desemba 1925 walivamia nyumba moja huko Lambeth, na mwaka wa 1926 Alice akafungwa miezi 18 na kazi ngumu.

Mhusika wa aina hii humfaa sana mwandishi wa riwaya ya uhalifu. Swali si "nani aliiba?" tu, bali pia "kwa nini?" Hata hivyo, riwaya nzuri haimpambi mwizi. Humkumbuka pia msichana wa dukani anayeulizwa bidhaa zimekwenda wapi.

Kwa hivyo, msomaji mwenzangu, usikodolee hariri macho. Jiulize: ni nani anayeilipia?