Karume Boys na Kombe la Dunia Lisilo na Nafasi Yao

Novemba 2023, watoto wa Zanzibar wa chini ya miaka 15 walicheza fainali ya kombe la CECAFA, shirikisho la soka la Afrika Mashariki na Kati, pale Njeru, Uganda, dhidi ya wenyeji. Uganda ndio waliokuwa wamelichukua kombe hilo mara ya mwisho, Asmara mwaka 2019, na mashabiki wote uwanjani walikuwa wao. Muda wa kawaida ulimalizika kwa sare. Zikapigwa penalti, na Karume Boys wakarudi Unguja na kombe.

Mimi ni mwalimu wa timu ya Juvenile hapa mjini. Kwa wasomaji wasio wa visiwani: mpira wetu wa watoto una madaraja yake. Mtoto huanza Juvenile, akapanda Junior, kisha Central, na ndipo timu kubwa za ligi humwona. Humo ndimo wanamotoka Karume Boys, timu za taifa za vijana wa Zanzibar zilizopewa jina la Mzee Abeid Amani Karume, rais wetu wa kwanza. Mazoezi yetu huanza baada ya alasiri na kukoma kabla ya magharibi, kwa sababu asubuhi watoto wako skuli na mchana wengi wako chuoni wanasoma Kurani. Ni saa moja na kitu ya mpira kwa siku, kwenye kiwanja cha mchanga, na baadhi yao viatu wanaazimana na kaka zao. Kwa watoto wa namna hiyo kumshinda bingwa nyumbani kwake ni jambo kubwa, na nitaendelea kulisema hata watu wakichoka kunisikia.

Lakini tazama kilichofuata. Mtoto aliyekuwa chini ya miaka 15 mwaka 2023 ndiye aliyekuwa chini ya miaka 17 mwaka 2025. Mwaka huo Uganda ilifuzu Kombe la Dunia la vijana kwa mara ya kwanza, ikaenda Qatar, ikaifunga Ufaransa 1-0 na kuvuka hatua ya makundi. Kizazi kilekile. Waliofungwa kwa penalti na watoto wetu walipata njia ya kwenda kujipima na dunia. Mabingwa wenyewe, watoto wetu, hawakuwa na njia hiyo chini ya bendera yao, kwa sababu Zanzibar haiko katika orodha ya nchi zinazoruhusiwa hata kujaribu.

Watu wengi huniuliza kwa nini. FIFA inatambua shirikisho moja tu kwa kila nchi, na kwa hesabu yake nchi ni Tanzania na shirikisho ni TFF. England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini ziliachiwa kila moja na lake kwa sababu ya historia yao ya kale katika mchezo huu. Sisi tuna ligi yetu na Shirikisho letu, ZFF, na klabu zetu hucheza mashindano ya Afrika kwa sababu CAF, shirikisho la soka la Afrika, inatutambua kama mwanachama mshiriki. Timu zetu za taifa, za wakubwa na za watoto, hukomea CECAFA.

Mlango uliwahi kufunguliwa. Machi 2017, katika mkutano wa Addis Ababa, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili wa 55. Nakumbuka furaha ya vijana kiwanjani. Walikuwa tayari wanapanga nani atacheza AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Julai mwaka huohuo, kule Rabat, uanachama ukafutwa, kwa maelezo kwamba katiba ya CAF hairuhusu. Miezi minne tu. Mwezi Disemba timu yetu ya wakubwa, Zanzibar Heroes, walijibu kwa miguu: waliifunga Tanzania Bara 2-1 katika Kombe la Chalenji la CECAFA, wakafika fainali pale Machakos, wakatoka sare ya 2-2 na Kenya na kupoteza kwa penalti.

Wanaosema sisi ni wachache mno kuwa na timu ya kimataifa nawaomba wawatazame majirani zetu wa Komoro. Wao hawafiki hata milioni moja. Sensa ya 2022 ilitukuta Zanzibar watu 1,889,773. Komoro waliingia FIFA mwaka 2005, na katika AFCON iliyochezwa Kamerun Januari 2022 waliifunga Ghana 3-2. Bahari ni ileile, na hata chakula chetu kinafanana.

Hata hivyo, mtoto wa miaka 14 hawezi kusubiri katiba ibadilishwe. Kwa leo njia yake ya kwenda AFCON ya vijana na Kombe la Dunia ni moja, Serengeti Boys, timu ya Tanzania ya chini ya miaka 17. Njia hiyo si ya kudharauliwa. Feisal Salum aliichezea Zanzibar Heroes ile ya 2017, na leo anajulikana Afrika Mashariki nzima kwa jezi ya Taifa Stars, timu ya wakubwa ya Tanzania. Kocha wa kikosi kile, Hemed Suleiman Morocco, naye alikuja kuiongoza Taifa Stars. Tatizo ni kwamba njia hiyo inapita baharini. Mama mmoja aliniambia, "Maalim, mwanangu akienda Bara kujaribiwa, nani atamwangalia? Na nauli ya kurudi nani atampa?" Kwa mtoto wa kisiwani Pemba safari ni ndefu zaidi. Wengi wanaishia hapo, na hakuna anayeandika majina yao.

Kuna jambo jingine ambalo ni letu wenyewe, nalo ni umri. Mwaka 2018 timu yetu ya chini ya miaka 17 iliondolewa mashindanoni Burundi kwa kupeleka wachezaji waliozidi umri. Watu wanadhani kosa kama lile humalizika kwa faini. Kijana wa miaka 19 akivaa jezi ya mtoto, kuna mtoto halisi aliyebaki nyumbani, na huyo hatapata tena mwaka wake. Isitoshe, tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009 kule Nigeria, FIFA hutumia kipimo cha MRI kwenye kifundo cha mkono. Mfupa wa hapo una gegedu linaloufanya ukue. Likishaziba kabisa na kuwa mfupa mtupu, ni nadra sana mwenye mkono huo kuwa chini ya miaka 17. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuandikwa upya, ila mfupa hauandikwi upya. Kwenye timu yangu nataka cheti kilichotolewa mtoto akiwa mchanga, na mzazi asiyenacho namsindikiza kwa sheha, kiongozi wa mtaa, tuanze kukitafuta mapema.

Ndiyo maana ushindi wa Njeru una thamani mara mbili kwangu. Ulionyesha kwamba watoto wenye umri wao wa kweli wanatosha.

Sasa nawaomba TFF na ZFF wakae pamoja na kuweka majaribio ya Serengeti Boys kila mwaka kwenye viwanja vya Amaan, Unguja, na Gombani, Pemba, kwa tarehe zinazotangazwa mapema redioni na maskulini, ili mtoto wa Wete kule Pemba aonekane bila kuuza baiskeli ya baba yake. Na nawaomba wazazi wenzangu: mwanao akizaliwa, mwandikishe wiki hiyohiyo, na umri huo usiubadilishe kwa ajili ya kocha yeyote.