Fahamu: Shambulio la Gamba na kivuli cha Saba Saba

Usiku wa Jumamosi, 5 Julai 2014, watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Gamba, kwenye barabara ya Garsen kwenda Lamu, wakaua watu na kuwatorosha mahabusu. Usiku huohuo walishambulia Hindi, katika kaunti jirani ya Lamu. Kwa jumla waliouawa walipita 20. Al-Shabaab walidai kuhusika.

Keshokutwa yake ilikuwa Saba Saba, kumbukumbu ya maandamano ya 1990 ya kudai vyama vingi, na upinzani ulikuwa umeitisha mkutano Uhuru Park. Wengi wakaunganisha mambo hayo. Si ajabu: wiki tatu nyuma, baada ya mauaji ya Mpeketoni, Rais Uhuru Kenyatta alilaumu mitandao ya kisiasa ya humu nchini.

Wanaofuatilia ugaidi huziwekea alama siku kama 7 Agosti (ubalozi wa Marekani, 1998) na 21 Septemba (Westgate, 2013). Alama hizo husaidia kupanga doria, sikatai. Lakini Gamba palikuwa na mahabusu wa kutoroshwa, na pembeni msitu wa kukimbilia. Hayo kalenda haiyaonyeshi, na mabasi ya Lamu yamelazimika kusindikizwa na polisi hata siku za kawaida.