Jarida la wanafunzi lilivyotulaza mzungu wa nne

Hebu niambie msomaji wangu, mara ya mwisho wewe na mwenzio mligombana kwa sababu ya nini? Hela? Simu iliyolia saa tano usiku? Mawifi? Mimi na mume wangu tuligombana kwa sababu ya kurasa 24 za jarida la shule. Usicheke. Tulilala mzungu wa nne siku tatu, na siku ya nne nikalala sebuleni mwenyewe kwa hiari yangu, kochi likaniua mgongo.

Nianze mwanzo. Mimi ni mbunifu wa matangazo katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Sabuni, mafuta ya kula, benki, ukiona bango limekaa vizuri pale kwenye foleni, ujue kuna mtu kama mimi alikesha. Mume wangu ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya kata, na ndiye mlezi wa klabu ya uandishi. Mshahara wangu unazidi wake. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele litaingia, na litaingia vibaya.

Siku moja mwezi wa tano akarudi na bahasha ya kaki imevimba. Ndani kulikuwa na karatasi za daftari zilizoandikwa kwa mkono, mashairi, vitendawili, mahojiano na mpishi wa shule, chemsha bongo, na mchoro wa jalada: mwanafunzi amening'inia mlangoni kwa daladala, begi kifuani, kondakta anamsukuma nje. Kalamu ya wino tu, hamna rangi.

"Mama, waangalie watoto kazi yao," akasema. "Uwape mawazo mawili matatu."

Mimi nikasikia: "Itengeneze."

Kosa langu kubwa lilikuwa hapo. Sisi tuliosoma sekondari miaka ya 2000 tulilelewa na majarida. Lile la Fema, lililoanza mwaka 1999, lilikuwa likiletwa shuleni bure na tukiligombania mpaka jalada linang'oka. Kwa hiyo nilikuwa na picha yangu kichwani ya jarida zuri la vijana lilivyo, na hiyo bahasha ya kaki haikufanana nayo hata kidogo.

Usiku mmoja wa sifa

Jumapili usiku mwenzangu akiwa amelala, nikafungua kompyuta. We acha! Nilifanya kazi kama nalipwa. Nikalifanya la ukubwa wa A4, rangi kila ukurasa, maandishi meupe juu ya bluu iliyoiva. Mchoro wa daladala nikautoa, nikaweka picha ya mtandaoni ya wanafunzi wanaocheka, sare zimepigwa pasi, meno yote yapo. Mahojiano ya mpishi nikayakata. Nani asome habari za mpishi?

Halafu nikafika kwenye makala moja isiyo na jina la mwandishi. Aliiandika binti aliyerudi shule baada ya kujifungua. Unakumbuka Novemba 2021 Serikali iliporuhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi katika mfumo rasmi? Yeye ni mmoja wao. Alieleza anavyomwacha mtoto kwa bibi yake saa kumi na moja alfajiri, na siku maziwa yalipomtoka katikati ya kipindi cha Uraia, akakaa amekumbatia daftari mpaka kengele ikalia. Hakujitaja, wala hakusema alikuwa kidato gani yalipomkuta. Aliandika tu: "nilikuwa bado mdogo".

Mimi nilijua kidato. Mume wangu aliniambia mezani wiki ile tukila ugali.

Akili yangu ya matangazo ikawaka. Nikaipa makala kurasa mbili za katikati, nikaweka picha ya msichana wa sare aliyepigwa kwa nyuma, na kichwa cha habari kikubwa kama bango la Ubungo: NILIZAA NIKIWA KIDATO CHA PILI! Nikapunguza makala nusu, nikabakiza zile sehemu za kulia. Saa tisa usiku nikazima taa nikijiona mwema kweli kweli.

"Ni zuri, madam. La nani?"

Jumatano nikaomba ruhusa kazini, nikaenda shuleni na kompyuta yangu. Wanafunzi kama kumi na tano hivi, wamebanana kwenye madawati. Nikawafungulia ukurasa mmoja mmoja nikingoja makofi.

Kimya.

Mhariri wao, binti mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, akanyoosha mkono. "Ni zuri sana, madam. La nani?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Kijana mmoja pembeni akauliza kulichapa ni shilingi ngapi. Nikamwambia kwa printa ya rangi, karatasi ya kung'aa, kama elfu kumi na nane kwa nakala. Akaandika kwenye kiganja. "Tuna laki mbili. Zitatoka nakala kumi na moja. Shule ina wanafunzi zaidi ya mia nane." Akakaa. Hakuwa na dharau hata kidogo, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Nilipofika kurasa za katikati, msichana mmoja wa dawati la nyuma akasimama, akachukua begi, akatoka. Wengine wakamtazama anavyotoka, kisha wakatazama kile kichwa cha habari, kisha wakatazamana. Pale pale nikajua nimefanya nini. Shule nzima walikuwa wanajua wapo mabinti waliorudi. Wa kidato cha pili alikuwa mmoja.

Mume wangu alisimama ukutani mikono nyuma. Hakusema neno. Akafunga kompyuta yangu taratibu kama mtu anayefunika maiti.

Nyumbani

Msomaji, kuna ugomvi wa kupiga kelele na kuna ugomvi wa sauti ya chini. Wa sauti ya chini ndio mbaya.

"Nilikuambia wewe kama mke wangu," akasema. "Sikumwambia mtu wa matangazo."

Nikajitetea. Nikasema nilitaka isomwe. Nikasema bila kichwa cha kuvuta hakuna anayesoma, hiyo ndiyo kazi ninayoifanya kila siku. Akanijibu yule mtoto si sabuni. Akaniambia Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika kwenye jarida la shule yake, Alliance High School, mwaka 1957, na jarida la shule kazi yake ni hiyo, mtu ajione kwa mara ya kwanza ameandika jambo na jambo ni lake. Mimi nikiwa nimechoka na nimeaibika, nikatoa lile neno ambalo mke hapaswi kulitoa:

"Angalau mimi kazi yangu inalipa."

Hakujibu. Aliondoa sahani zote mezani, akaziosha, akazipanga, akaenda kulala kaniwekea miguu. Mzungu wa nne.

Wenye ndoa wananielewa. Hela ikishaingia kwenye ugomvi ambao haukuwa wa hela, kuitoa ni kazi. Siku ya tatu nikamwomba msamaha kwa lile neno. Akasema amesikia. Siku ya nne nikahamia kochini kwa sababu "nimesikia" si "nimekusamehe", na sote wawili tulijua hivyo. Siku ya tano akaja sebuleni na chai, akaniambia, "Mimi nimekwisha. Lakini mimi siye unayedaiwa."

Kweli. Nikaenda. Tukakaa katika ofisi ya mwalimu wa malezi, yeye, mimi na yule binti. Mume wangu alitangulia kumwomba radhi kwa kulitoa jambo lake nje, kisha mimi kwa kulibandika ukutani. Binti alinisikiliza mpaka mwisho huku akikwaruza rangi ya kucha iliyobaki kidole gumba.

"Madam, mimi sikutaka wanionee huruma," akasema. "Nilitaka ajue kwamba inawezekana."

Sikumuuliza ni nani huyo "ajue". Nilikuwa nimejifunza kidogo. Nikamuuliza kama tuitoe kabisa. Akafikiri mpaka kesho yake. Akarudisha jibu: ibaki, nzima, isiwe katikati, isiwe na picha, na kichwa kiwe "Niliporudi darasani", herufi za kawaida. Akachagua ukurasa wa 19.

Karatasi sita na stepla mbili

Wiki zilizofuata nilikwenda kila Jumamosi, safari hii bila kompyuta. Tukaanza na karatasi tupu. Ukikunja A4 katikati unapata kurasa nne ndogo, kwa hiyo jarida la kushonwa kwa stepla lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne. Karatasi sita, kurasa 24. Nikawaambia wazikunje, wazipachike, waandike namba kwa penseli, kisha wazifumue waone ukurasa wa kwanza unavyokaa ubavuni mwa wa 24. Yule kijana wa hesabu akatazama dakika nzima, akapiga kelele: "Kila upande ukijumlisha unapata 25!" Na ndivyo ilivyo, 2 na 23, 6 na 19. Miaka kumi niko kwenye kazi hii, sijawahi kuitazama hivyo.

Mengine yalikuwa ya kunishusha mabega. Jarida lao lingetolewa kwa fotokopi, rangi jalada tu. Maandishi yangu meupe juu ya giza yangejaa wino na kuziba. Picha za simu za watoto wetu wenye ngozi nyeusi, fotokopi inazigeuza doa la lami lenye macho, usipoziongezea mwanga kabla. Lakini mchoro wa kalamu? Mchoro wa kalamu unatoka vile vile ulivyo. Kwa hiyo ile daladala niliyoitupa ndiyo iliyofaa tangu mwanzo, kwa sanaa na kwa mashine. Ikarudi jaladani, tukaitilia rangi moja tu, njano ya mstari wa basi. Nilichosisitiza mimi ni mambo machache: aina mbili za maandishi na si tisa, nafasi nyeupe pembezoni ili kidole gumba kipate pa kushika, na picha ya mtu isitoke bila yeye kukubali, na akiwa mtoto, mzazi wake pia. Hilo la mwisho nililisema nikiangalia chini.

Nakala 150 zikatoka kwa laki moja na elfu themanini. Iliyobaki walinunua soda.

Nani anatoa alama?

Sasa mimi nilikuwa nimeandaa fomu ya tathmini, si unajua sisi wa maofisini. Alama mia: mwonekano 40, lugha 30, ubunifu 30. Mhariri akaisoma, akairudisha kwa adabu. "Madam, mbona hakuna pa msomaji?"

Wakabuni yao. Kwanza wakawapa wanafunzi kumi wa kidato cha kwanza nakala moja kila mmoja, wakakaa mbali wakawatazama bila kusema kitu: nani anafungua wapi, nani anacheka, nani anaruka. Saba kati ya kumi walianzia kwa mpishi! Kumbe mpishi alitaja siku ambazo maharage yanakuwa na nazi, na hiyo ndiyo habari shule nzima ilikuwa ikiitafuta. Ukurasa wa mashairi, ambao niliupamba mwenyewe kwa maua pembeni, waliupita kama kituo kisicho na abiria. Mhariri akaandika kwenye daftari lake: "Maua yanazuia kusoma." Nikameza.

Pili, wakaweka nakala tano maktaba na kungoja wiki mbili. Walichotaka kuona ni uchafu. Ukurasa wenye alama za vidole, uliokunjwa pembe, ulioandikwa kwa penseli, huo umesomwa. Mimi nimekaa kwenye vikao vya utafiti wa masoko vyenye vitafunio na wataalamu, na sijaona kipimo cha kweli kuliko hicho.

Huku nyumbani tumerudi kulala vichwa upande mmoja. Kuna kitu kimebadilika kidogo. Siku hizi mume wangu akitaka kunisimulia la shuleni, anaanza na "hili la mezani", na likiwa la mezani linaishia mezani. Hela hatujaizungumza tena kwa njia ile. Bado nadhani ananitazama nikitaja mshahara. Labda ni mimi.

Wiki mbili zilipoisha nilikuwepo maktaba. Nakala nne zilikuwa zimechakaa vizuri kabisa, ukurasa wa mpishi una mafuta. Ya tano ilikuwa na pengo. Karatasi ya ukurasa wa 19 ilikuwa imekatwa kwa wembe, taratibu, sawa na mshono, na kwa sababu 19 na 20 ni uso na mgongo, majibu ya chemsha bongo nayo yalikuwa yamekwenda. Mhariri akaja juu. Akataka mwizi atafutwe, atangazwe mstarini Jumatatu.

Yule binti wa dawati la nyuma alikuwa amesimama nasi. Akaichukua ile nakala, akapitisha kidole pale palipokatwa.

"Mwacheni," akasema. "Kuna mtu kapelekewa."

Kisha akachukua kalamu na nakala nyingine, akaanza kunakili majibu ya chemsha bongo.