Figo kwenye foleni ya ini

Mwaka 1969 jarida moja la udaktari la Marekani lilichapisha taarifa ya ajabu. Wagonjwa wa ini walikuwa wamefariki huku figo zao zimegoma, mkojo umekatika. Madaktari wakazichukua figo hizo hizo na kuwapandikiza watu wengine, ambao ini lao lilikuwa zima. Figo zikaanza kazi. Miaka minne baadaye kundi la madaktari lililomhusisha Thomas Starzl wa Denver, yule aliyejaribu kupandikiza ini la binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1963, likaonyesha jambo hilo kwa kinyume chake: mgonjwa akipata ini jipya, figo zake mwenyewe zilizokwishakatiwa tamaa zinaweza kuamka.

Kumbe figo hazikuwa mbovu. Ini likikauka na kujaa makovu, damu inayotoka kwenye utumbo hupenya kwa shida. Mishipa ya huko hutanuka, damu hubaki inazunguka tumboni, na mwili hudanganyika kwamba umeishiwa damu. Basi unajihami kama unavyojihami siku ya kiu kali: unabana mishipa ya figo ili maji yasipotee. Mkazi wa mtaa uliofungiwa maji kwenye chanzo anajua kwamba hata abadilishe koki ya jikoni mara tano, hatachota kitu.

Ndiyo maana wanaotibu ini huwa macho na figo kuliko wagonjwa wanavyodhani. Mgonjwa hulalamikia tumbo lililojaa maji na macho yaliyogeuka njano. Daktari naye anatazama mstari mmoja kwenye karatasi ya maabara: kreatinini.

Tangu Februari 2002 Marekani hugawa maini ya marehemu kwa alama iitwayo MELD, kuanzia 6 hadi 40. Mwenye alama nyingi ndiye aliye karibu na kifo, na ndiye anayetangulizwa. Mwanzoni alama hiyo ilitokana na vipimo vitatu tu vya damu: bilirubini, ambayo ndiyo umanjano wenyewe, muda ambao damu huchukua kuganda, na kreatinini, taka inayotolewa na figo. Ukiikokotoa kanuni hiyo kwa mkono utashangaa. Bilirubini ikipanda kutoka miligramu 2 hadi 4 kwa desilita, mgonjwa anapata alama zisizofika 3. Kreatinini ikipanda kutoka 1 hadi 2, anapata karibu 7. Yaani katika foleni ya ini, figo inapiga kelele kuliko umanjano wa macho. Na takwimu za vifo ndizo zilizoipa sauti hiyo, kwa sababu mgonjwa wa ini ambaye figo zake zimeanza kulegea hana muda mrefu.

Ila kipimo chenyewe kina kasoro, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wamedhulumiwa kimya kimya. Kreatinini haizaliwi kwenye figo. Inazaliwa kwenye misuli, figo kazi yake ni kuitupa nje. Mtu mwenye misuli minene anatengeneza nyingi, aliyekonda anatengeneza kidogo. Mgonjwa wa ini, ambaye mikono imebaki fimbo na mashavu yameingia ndani, anaweza kuonyesha namba nzuri kabisa huku figo zake zimebakiza chini ya nusu ya nguvu. Mwanamke, ambaye kwa kawaida ana misuli michache kuliko mwanamume, alikuwa akiumwa kiasi kilekile na kupewa alama pungufu. Wanawake walifia kwenye foleni kwa sababu hiyo. Marekebisho yalianza kutumika Julai 2023: katika kanuni mpya mwanamke anaongezewa alama 1.33, na albumini, protini ya damu, imeingizwa kwenye hesabu.

Watu weusi nao walikuwa na kisa chao. Kanuni za kukadiria uwezo wa figo kutokana na kreatinini zilikuwa na kipengele cha rangi: ukiwa mweusi, jibu linazidishwa kwa 1.159, au kwa 1.212 katika kanuni ya zamani zaidi. Karatasi ikasema figo zako ni nzima kuliko zilivyo. Marekani muda wa kungoja figo huanza kuhesabiwa uwezo ukishuka hadi mililita 20 kwa dakika, kwa hiyo aliyezidishiwa alichelewa kuanza kuhesabiwa. Kanuni isiyo na rangi ilitoka mwaka 2021, na Januari 2023 hospitali za huko ziliagizwa kupitia upya majina ya wagonjwa weusi na kuwarudishia muda wao. Namba ile ilitokana na vipimo vya Wamarekani weusi. Sijui ni nani aliyewahi kupima misuli ya Mmakonde wa Newala kabla ya kumwingiza kwenye hesabu hiyo.

Turudi kwenye foleni. Kreatinini ilipopewa uzito mwaka 2002, wenye figo mbovu walianza kufika chumba cha upasuaji kwa wingi, na swali likaja: tumpe ini peke yake, au ini na figo pamoja? Kufikia katikati ya miaka ya 2010, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 waliopandikizwa ini Marekani alipewa na figo juu yake. Hesabu hii ni chungu. Ukimpa ini tu na figo zikakataa kuamka, anaishia kwenye mashine ya kusafisha damu akiwa dhaifu, na wengi wa namna hiyo hawadumu. Ukimpa vyote viwili na figo zake za asili zikaamka, anatembea na figo tatu wakati mwenzake asiye na hata moja inayofanya kazi anaendelea kulazwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki.

Agosti 2017 ilianza kutumika kanuni ya kuwaamua. Atakayepewa vyote ni yule mwenye ugonjwa sugu wa figo uliothibitishwa, au aliyekaa wiki 6 mfululizo kwenye mashine au na uwezo usiozidi 25, au mwenye magonjwa machache ya kurithi. Wengine wanapewa ini tu. Lakini kama kati ya siku ya 60 na ya 365 baada ya upasuaji figo bado zimelala, mgonjwa anapewa kipaumbele kwenye foleni ya figo. Naipenda kanuni hii. Inakiri kwamba daktari anaweza kukosea, na inamwachia mgonjwa mlango wazi.

Baada ya upasuaji kuna adui mwingine, naye yumo ndani ya chupa ya dawa. Takrolimasi na saiklosporini huzuia mwili usikikatae kiungo kipya, na hizo hizo hubana mishipa ya figo na kuiachia makovu polepole. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, uliopitia kumbukumbu za Wamarekani karibu 69,000 waliopandikizwa viungo visivyo figo, ulikuta kwamba kati ya waliopewa ini, asilimia 18 walikuwa na figo zilizoshindwa ndani ya miaka 5. Kwa wote ambao figo zao zilishindwa, hatari ya kufa ilizidi mara nne.

Kwetu Tanzania wengi wanaohitaji ini huelekea India. Figo tunapandikiza wenyewe: Muhimbili walianza Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka uliofuata, na anayetoa ni ndugu. Dawa ni zilezile.

Asubuhi moja nilimsindikiza binamu yangu kliniki. Alipewa figo na dada yake. Benchi zima walikuwa hawajameza dawa: kila mmoja kaishika mkononi au kaifunga kwenye kitambaa, kwa sababu damu hutolewa kwanza, kabla ya kidonge cha asubuhi, ili ijulikane kiasi cha dawa kilichobaki mwilini baada ya saa 12. Mama mmoja aliulizwa kama amekula balungi. Tunda hilo hupandisha takrolimasi kwenye damu. Kijana aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu aliambiwa arudi mapema zaidi, maana rifampisini huishusha dawa hadi mwili ukaanza kukitafuna kiungo. Mzee mmoja alikiri kununua diklofenaki, dawa ya maumivu inayoumiza figo, duka la dawa kwa ajili ya mgongo. Muuguzi hakumkaripia. Aliandika tu, akapiga mstari chini mara mbili.

Binamu alitolewa damu, akameza kidonge kwa chai ya rangi, saa tatu kasoro. Majibu yalitoka mchana: kreatinini 118, kwa kipimo cha mikromoli kwa lita kinachotumika huku, mara iliyopita ilikuwa 112. Daktari alimuuliza kama jana alikunywa maji ya kutosha. Akasema alikuwa msibani, juani, tangu asubuhi. "Basi rudi wiki ijayo tuitazame tena." Alikunja karatasi, akaitia kwenye daftari pamoja na zote alizopewa tangu siku ya upasuaji, akaanza kutafuta nauli mfukoni.