Uteuzi wa Vidhibiti Shinikizo vya Hewa na Maji katika Mazingira ya Kigoma na Ujiji

Meli ya MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaunganishwa Kigoma, na ikaendeshwa kwa mvuke hadi ilipowekewa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Badiliko la aina hiyo hubadili pia mahitaji ya udhibiti wa shinikizo. Injini nyingi kubwa za dizeli za meli huanzishwa kwa hewa iliyobanwa ya takribani baa 30, ilhali zana za karakana huhitaji baa 6 au 7 tu. Kifaa kinachoshusha shinikizo hilo ni kidhibiti shinikizo, ambacho mafundi hukiita regyuleta.

Ndani ya kidhibiti, springi husukuma kiwambo ili kufungua vali, nalo shinikizo la upande wa kutokea hukisukuma kiwambo hicho kwa upande wa pili ili kuifunga. Matumizi yanapoongezeka, springi hutanuka ili vali ifunguke zaidi. Nguvu yake hupungua, na shinikizo la kutokea hushuka. Kwa sababu hiyo, kipenyo cha bomba pekee si kigezo cha kutosha cha uteuzi. Kigezo kikuu ni kiwango cha mtiririko kinachohitajika wakati zana zote zinapofanya kazi, pamoja na mshuko wa shinikizo unaoweza kuvumiliwa. Kidhibiti kidogo mno humshawishi fundi kukaza springi ili kufidia mshuko huo. Zana zinaposimama, shinikizo hupanda na mpira dhaifu unaweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Inafaa pia kuchagua springi ambayo shinikizo linalokusudiwa liko karibu na katikati ya masafa yake.

Mwinuko wa mahali nao una athari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la angahewa hapo ni takribani baa 0.92, ikilinganishwa na baa 1.01 pwani. Katika halijoto ileile, kompresa inayovuta ujazo uleule wa hewa hupata hewa pungufu kwa takribani asilimia 9. Hakuna kidhibiti kinachoweza kufidia upungufu huo. Ni lazima uhesabiwe wakati wa kuchagua kompresa. Aidha, unyevu ulio hewani huganda kuwa maji baada ya hewa kubanwa na kupoa, hivyo chujio lenye mahali pa kumwagia maji hutangulia kidhibiti.

Kwa upande wa maji, vilima vya Kigoma huleta tatizo la namna nyingine. Kila mita 10 za kimo cha maji huzalisha takribani baa 1. Tangi lililo mita 60 juu ya bomba la nyumba iliyo karibu na ziwa huleta karibu baa 6 bomba linapofungwa. Usiku, matumizi yanapopungua, kidhibiti kisichofunga barabara huacha shinikizo hilo lifike kwenye viungio vya ndani. Uwezo wa kufunga bila kuvuja, kwa hiyo, una uzito sawa na uwezo wa kupitisha maji mengi.

Kidhibiti cha hewa kinachotoa ziada kupitia tundu lake hakifai kwa maji wala kwa gesi inayowaka. Cha oksijeni ya kuchomelea sharti kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo na kisiguswe na mafuta wala grisi, kwani oksijeni yenye shinikizo inaweza kuviwasha.

Hata kidhibiti kilichochaguliwa vyema kinaweza kukwama kikiwa wazi. Hivyo hakichukui nafasi ya vali ya usalama, ambayo sharti iwekwe upande wa kutokea na iweze kutoa mtiririko wote utakaopita kidhibiti kinaposhindwa kufunga.